Vitabu Vilivyobadilishwa Nguo

Jumatatu, 2 Februari 1976

Sanduku limeondoka. Pasikali dereva kalipandisha kwenye lori la mzee Abbasi asubuhi, ukungu bado umelalia paa za shule, na mimi nimesimama barazani na khanga mbili mabegani natetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Baridi ya Kibondo hii! Kwetu Ujiji saa hizi watu wanajipepea.

Nimetuma vitabu vya fizikia, vya jiografia na vile vya hesabu vyenye picha. Shoga yangu Valeria, mtunza maktaba wa shule ya Kasulu, atavichapa huko kwenye stensili, zile karatasi za nta, azungushe mashine yao ya kurudufu, kisha aniletee nakala pamoja na vitabu vyenyewe. Ndiyo makubaliano yetu tangu mwaka jana. Sisi Kibondo tuna vitabu, wao Kasulu wana mashine. Wanafunzi wangu walikuwa wanagombania kitabu kimoja darasa zima, mmoja anasoma, wengine wanachungulia begani. Sasa kila benchi lina karatasi zake. Nani kafanya hivyo? Si wakubwa. Ni wanawake wawili na sanduku la mbao!

Na vitabu vyangu vimependeza. Vyote nimevivika nguo — ndivyo tunavyosema mimi na Valeria, kuvika nguo — kwa karatasi ya mifuko ya saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa bweni. Wengine hubandika kwa uji wa muhogo. Mimi sitaki. Mende wa hapa wanaupenda uji wa muhogo kuliko watu. Mimi nashona, uzi mweusi mgongoni, mishono midogo midogo kama bibi alivyonifundisha kushona kofia. Valeria alipokuja likizo ya Desemba akaandika majina yote mgongoni kwa ule mwandiko wake aliofundishwa na masista. Wangu ni kuku kaparura. Kwa hiyo mshono ni wangu, mwandiko ni wake. Mtu akiingia anasema, loo, hii ni maktaba ya watu.

Alhamisi, 5 Februari

Mvua. Mvua tena. Nguo hazikauki, chumvi imegeuka maji kwenye kopo.

Juzi jioni alikuja Niyitegeka, mlango wa nyuma, Jumanne yake kama kawaida. Alikuwa mwalimu kwao Burundi kabla ya kukimbia mwaka wa sabini na mbili. Sasa analima muhogo nje kidogo ya Murungu na amekusanya watoto wa wenzake chini ya paa la nyasi, anawafundisha. Kitabu hana hata kimoja. Kwa hiyo namwazima. Kabla hajaingia hupiga makofi ya salamu, taratibu, kapinda mgongo, baba mzima! Mimi naona haya. Bado anasema "bibliyoteki" badala ya maktaba.

Kanuni ni kwamba kitabu kisitoke nje ya shule. Na yeye, wakubwa wakijua anafundisha bila ruhusa, watampakia kwenye lori na mkewe na watoto mpaka makazi ya wakimbizi kule Tabora, muhogo wake ubaki kwa nguruwe. Basi sijamwambia mtu. Nimenyamaza.

Jumanne, 10 Februari

Sanduku limerudi! Nakala zinanukia wino. Kidato cha pili wamepiga vigelegele, hata wavulana.

Mchana Mkuu wa shule, Mwalimu Felisiani, katuita walimu wote. Mwezi ujao mkaguzi anakuja kutoka mkoani. Shule moja, yetu au ile ya Kasulu, itafanywa kituo cha vitabu cha nyanda zote hizi. Kituo kitapata mashine mpya na vitabu vipya, na mtunza maktaba wake atapelekwa kozi Dar es Salaam. Nestori wa fizikia kanikonyeza: Mwatumu, utatuletea nazi? Nikamwambia nitakuletea makumbi ya nazi ukajisugulie miguu.

Nimecheka kwa mdomo tu. Mimi cheti cha maktaba sina. Niliajiriwa kufundisha mapishi na ushonaji, hapa maktabani niliwekwa kwa muda tu, na muda huo umekuwa maisha yangu. Mkuu alinibakiza nyuma. Anasema, Mwalimu Mwatumu, wewe ndiye niliyekutetea. Mkaguzi akikuta rafu zimepungua, siwezi kukutetea tena, utaondoka na jina la mwizi wa mali ya umma. Usiniangushe.

Sikuangushi, Mkuu. Vitabu vyangu navijua kama wanangu.

Jumamosi, 14 Februari

Kasulu! Nimekuja kwa lori, nimekaa mbele na Pasikali, matope tangu daraja la Malagarasi mpaka Makere, mara mbili tumeshuka kusukuma. Pasikali haishi hadithi. Ana hadithi ya kila kona ya barabara na nani kaanguka hapo.

Leo Valeria kanifundisha mashine. Nimeshika taipureta mwenyewe, utepe umetolewa ili herufi zikate stensili. Nimegonga kwa kidole kimoja kama ninayebisha hodi. Nikikosea, Valeria anapaka dawa nyekundu, tunaipuliza ikauke, narudia. Halafu tukaivisha stensili kwenye ngoma ya mashine, nikashika mkono wa chuma nikazungusha — karatasi ya kwanza ikatoka nyeupe pe! Ya pili nusu. Ya tatu, wallahi, maneno yangu yote yamelala pale, meusi! Nimepiga kelele hata mlinzi kaja mbio. Wino mpaka kwenye nyusi. Valeria kacheka mpaka kakaa chini sakafuni.

Tulipika migebuka ya ziwani niliyoletewa kutoka nyumbani, na mawese. Mama yake mgonjwa, amelala chumba cha ndani, tukampelekea mchuzi. Kisha tukajilaza kwenye mkeka, shoga na shoga, yale maneno ya kumaliza siku. Nikamwambia habari za Niyitegeka. Yote. Sikuwa na haja ya kumwambia, ila lilikuwa limenikaa kooni muda mrefu na nilitaka mtu wa kuniambia sijakosea. Akanishika mkono. Anasema: shoga, Mungu atakulipa, na hilo litakufa na mimi.

Nimefurahi leo. Naandika ili nikumbuke.

Alhamisi, 26 Februari

Sanduku la pili la mwezi huu limerudi. Nilikuwa nimemtumia karibu vitabu vyangu vizuri vyote, maana Valeria alisema tuchape kwa wingi kabla ya ukaguzi ili mkaguzi aone kazi yetu sote. Nimevipanga rafuni haraka haraka, kengele ya chakula imelia. Vinanuka uji. Labda walivipanga karibu na jiko.

Jumatano, 3 Machi

Wakatoliki leo wana jivu kwenye paji la uso. Hata Nestori. Na Nestori huyohuyo ndiye aliyekuja maktabani saa nne, kashika kitabu kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. Anasema, Mwatumu, mimi leo nimesimama mbele ya darasa nikasema fungueni masikio, tunasoma umeme. Nikafungua. Soma mwenyewe.

Mgongoni pameandikwa Fizikia, mwandiko wa Valeria, mzuri, umenyooka. Ndani: kijitabu cha kilimo cha mkonge.

Mkonge! Huku Kibondo! Nani kaona mkonge huku?

Nilicheka kwanza. Kweli nilicheka. Nikasema hii imechanganyika tu. Nikavuta cha pili rafuni. Jiografia. Ndani: taratibu za kupiga dawa mifugo, kurasa nusu zimeliwa. Cha tatu, hesabu. Ndani: matangazo ya serikali ya enzi za Mwingereza. Nestori akaacha kucheka kabla yangu.

Nikamwambia toka, nenda darasani, na usimwambie Mkuu. Akaenda. Nikafunga mlango, nikaketi chini katikati ya rafu.

Alhamisi, 4 Machi

Nimechana. Nguo moja moja nimezichana, vyote vilivyotoka kwenye sanduku la mwisho. Takataka tupu. Vitabu vyangu vyema vyote havipo! Rafu imejaa ukiitazama kwa mbali, ukiikaribia ni maiti zimevikwa suti.

Nilijua ni nani. Nilijua papo hapo! Nikamsubiri Pasikali barabarani, lori halijasimama sawasawa nimeshadandia ngazi. Nikamwambia mbele ya abiria, mbele ya kuku na mitungi: mwizi mkubwa we, vitabu vya watoto umemuuzia nani? Manyovu? Umeviuza kwa walanguzi wa mpakani wafungie karanga?

Pasikali. Yule mwenye hadithi za kila kona. Alizima gari, akavua kofia, akanitazama. Anasema, dada, mimi kusoma sijui, ningebadilishaje?

 Nikashuka.

Ijumaa, 5 Machi

Uzi.

Mungu wangu. Uzi wangu haupo.

Nilikuwa naokota karatasi nilizochana ili nizichome. Nikaziona ni zangu zilezile, karatasi zangu za saruji, na matundu ya sindano yangu yote yapo yamepangana. Lakini hakuna uzi. Mtu kaukata mshono mmoja mmoja, taratibu, asitoboe karatasi, kaivua nguo, kakivika kitabu kingine, halafu kabandika kwa uji wa muhogo. Huo si mkono wa dereva. Wala si wa mwizi wa njiani mwenye haraka. Huo ni mkono wa mtu mwenye meza, mwenye wembe, mwenye subira, anayejua mimi nikiona mwandiko wake mgongoni sitafungua ndani.

Nilinusa ule uji! Nilinusa kwa pua yangu hii, nikajiambia ni jiko!

Valeria. Shoga yangu Valeria, uliyekula migebuka yangu. Nimelia kwa hasira mpaka kwikwi.

Jumapili, 7 Machi — Kasulu

Nimekuja jana kwa basi, lori la Pasikali sikuthubutu.

Valeria alikuwa anarudi misa ya jioni. Kaniona mlangoni, hakushtuka. Anasema karibu, shoga, mbona hukuleta habari, ingia ule. Akapakua ugali na maharage, Kwaresima, nyama hakuna. Nilikula! Mimi mjinga nilikula, maana mama yake alikuwa ametoka kukaa nasi, ananiita mwanangu, na sikutaka kusema mbele ya mgonjwa.

Mama alipoingia kulala nikatoa mfukoni karatasi ya Fizikia nikaiweka mezani. Nikasema: uzi wangu uko wapi?

Hakukataa. Hilo ndilo lililoniumiza — hata kunidanganya hakuona haja. Anasema mkuu wao wa shule kamwambia Kasulu isipopata kituo, maktaba yao inafungwa, na yeye atahamishiwa shule ya mbali huko bondeni. Mama yake nani atamuuguza? Anasema, wewe, Mwatumu, ni wa kupita hapa. Kesho utahamishwa Kigoma mjini au Tabora, utatusahau. Mimi ni wa hapa hapa. Ningekurudishia baada ya ukaguzi, nakuapia.

Nikamwambia: ungenirudishia baada ya mimi kuitwa mwizi?

Akainuka, akakusanya sahani.

Nikasema nataka vitabu sasa hivi. Anasema viko kabatini shuleni, ufunguo anao mkuu wao. Nikasema basi narudi namwambia Mwalimu Felisiani, na mkaguzi akija namwambia yote, na nguo zangu zenye matundu nitamwonyesha.

Alikuwa anaosha sahani. Hakuinua hata kichwa. Anasema, sema. Na mimi watakaponiuliza nitawaambia vitabu vingine vya Kibondo viko kwa nani, huko Murungu.

Pale pale nikaokota khanga yangu nikatoka. Mimi, mtoto wa Ujiji, ninayejulikana kwa mdomo! Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako. Alisema litakufa naye. Halikufa. Alikuwa amelitia akiba.

Nimelala kwenye benchi la kituo cha basi. Kwake nisingeweza.

Jumatatu, 8 Machi

Mkuu kaniuliza, maandalizi vipi? Nikasema vizuri. Ulimi wangu mwenyewe umesema vizuri.

Nikisema vitabu viko Kasulu, Niyitegeka anaondoka. Nisiposema, mimi ndiye mwizi. Nimeligeuza hivi, nimeligeuza vile, halina upande mwepesi.

Jumatano, 10 Machi

Nimeshona. Takataka zile zile nimezivika tena nguo, uzi mweusi. Sijui kwa nini. Mikono ilitaka kazi.

Jumamosi, 13 Machi

Leo Maulidi. Mzee Abbasi kasomesha kwake, tulikuwa wachache, wafanyabiashara na sisi wageni wa serikali, pilau na tangawizi. Kwetu Ujiji leo mji mzima hauna pa kupita kwa madufu. Nimejitia kuimba. 

Nikiwa natoka, Mwalimu Felisiani alikuwa ananisubiri njiani, na mwavuli. Anasema kapata habari kutoka mkoani: mkaguzi anakuja Jumanne asubuhi, anaitwa Ndugu Melkiadi, na ameagiza atazame hasa "vitabu vinavyotoka kwenda kwa wageni wasioruhusiwa". Mkuu kanitazama. Ni kitu gani hicho, Mwalimu?

Nikasema sijui.

Kumbe Valeria ameshasema! Hakungoja hata mimi niseme kwanza. Amewahi. Kule jikoni, sahani mkononi, ananitishia jambo ambalo alikuwa amekwisha kulifanya!

Jumapili, 14 Machi

Lazima Niyitegeka asije Jumanne. Avifiche vitabu, avifukie, avitie kisimani, asikanyage hapa. Mimi siwezi kwenda Murungu, Mkuu ananitazama kila hatua. Mtu pekee anayepita kule ni Pasikali.

Nilimfuata kwenye gereji. Nikamwomba msamaha, nikapiga na magoti, matope yote kwenye khanga. Anasema, dada, simama, msamaha nimekupa. Nikamshukuru. Nikamwambia basi nibebee ujumbe mmoja tu, kwa mtu mmoja Murungu. Akarudi chini ya gari lake. Sauti ikatoka huko huko chini: hilo hapana. Kikipotea kitu njiani utasema nani tena?

Nimestahili. Lakini si mimi atakayelipa.

Jumatatu, 15 Machi

Mvua kutwa. Labda barabara itakatika, mkaguzi asifike. Labda Niyitegeka ataugua, mafua tu, asiumie. Naomba dua za kipuuzi.

Jumanne, 16 Machi

Naandika upesi. Wako ofisini kwa Mkuu, wanakunywa chai. Nataka iandikwe ilivyokuwa kabla mtu hajaisimulia vinginevyo.

Walitarajiwa asubuhi. Land Rover ilikwama matopeni, wamefika alasiri imeshapita, wamelowa, wana njaa. Mlango wa mbele kashuka Ndugu Melkiadi, mfupi, mpole, miwani. Mlango wa nyuma kashuka — Valeria. Kavaa gauni la bluu tulilolichagua pamoja dukani! Mkaguzi anasema amemchukua Ndugu Valeria amsaidie kuhesabu, kwa kuwa ni mzoefu na anaijua maktaba hii. Anaijua! Ndiyo, anaijua.

Tukaanza. Valeria anasoma migongo kwa sauti, mkaguzi anatia alama. Fizikia, ipo. Jiografia, ipo. Anausoma mwandiko wake mwenyewe bila kukwaruza koo. Mimi nimesimama na mikono yangu. Kisha Ndugu Melkiadi akanyoosha mkono, akavuta kimoja, akafungua. Mkonge.

Hakupaza sauti. Akafungua kingine. Na kingine. Mkuu Felisiani alikuwa mlangoni, nikamwona uso unamjaa majivu. Mkaguzi akavua miwani akauliza, Mwalimu, vitabu vya serikali viko wapi?

Nikafungua mdomo. Valeria alinitazama. Si kwa chuki, ningependa iwe chuki. Alinitazama kama mtu anayemwangalia mtoto kama atapita vizuri kwenye ubao juu ya mtaro.

Ndipo makofi yakasikika nyuma.

Taratibu. Mlango wa nyuma. Jumanne yake, jioni yake, mkaguzi ndiye aliyechelewa. Niyitegeka kapinda mgongo, kapu kichwani, vitabu vimefunikwa jani la mgomba visilowe. Ananisalimu kwa Kirundi, mwiriwe Mwalimu, kisha anasema, nimerudisha. Akaona watu. Akashusha kapu, akasalimu kila mtu, mkaguzi, Mkuu, kila mmoja na makofi yake. Alipofika kwa Valeria nikamtaja jina bila kufikiri, nilitaka tu kusema kitu, nikasema, huyu ni Valeria. Uso wa Niyitegeka ukafunguka wote! Anasema, ah, ni wewe Valeria wa Kasulu? Mwalimu anakusifu hapa kila mara. Anasema wewe ni kama ndugu yake.

Valeria aliinamisha macho. Mara ya kwanza tangu nimjue.

Ndugu Melkiadi akakagua kapu. Akamtazama Niyitegeka, miguu yake, koti lake, Kiswahili chake. Akaniuliza, unamfahamu huyu mtu? Kabla sijajibu Mkuu akaingilia, maskini Mkuu anatafuta pa kuniokoa. Anasema: Ndugu Mkaguzi, labda tumempata. Labda ndiye mwizi wa vyote, anaiba vitabu vizuri, anatuachia takataka ndani ya majalada. Mkaguzi akafikiri. Anasema inawezekana. Ikiwa ndivyo, Mwalimu hana kosa ila uzembe kidogo, na shauri hili ni la polisi na la watu wa wakimbizi. Tunywe chai kwanza, tumelowa. Tukirudi nataka jibu la Mwalimu mwenyewe, anamjua au hamjui.

Wakaenda. Tumebaki watatu. Niyitegeka wamemwambia akae kwenye benchi la nje, amekaa.

Valeria kanisogelea. Hajanisogelea hivyo tangu ule mkeka wa Februari. Ananong'ona, shoga, umeokoka. Sema humjui. Na mimi nitasema simjui, jina lake sikulitaja, na salamu zake tutasema ni ujanja wa mwizi; atasema nini Mrundi peke yake? Vitabu vyenu vilivyo kabatini Kasulu vitasemwa aliviuza. Wewe unabaki na kazi yako, mimi nabaki na mama yangu. Ananishika mkono, vidole vilevile. Wembe ule aliushika kwa vidole hivi.

Na linalonitisha si yeye. Ni kwamba sikuutoa mkono wangu mara moja. Niliufikiria. Nilihesabu moyoni jinsi lilivyo jepesi, neno moja tu, sim-jui, Wallahi nililiona likiwa tayari mdomoni limekaa.

Nikauvuta mkono nikalifuata kapu. Nikafunua jani la mgomba. Vitabu vyangu. Vimesomwa na watoto wangapi sijui, pembe zimekunjika, kimoja kina alama ya kidole cha masizi. Nimevigeuza kimoja kimoja mgongoni. Uzi wangu mweusi uko palepale, mishono yote. Kimoja kilikuwa kimefumuka mwishoni, na mtu amekishonea kwa uzi wa mgomba, amefuata matundu yangu yaleyale.

Nimetoka nje. Nimekaa naye benchini, naandika hapa hapa, magotini. Mvua imeanza tena. Anauliza kama kuna tatizo, kama kuchelewa kwake kumeniletea maneno. Nimemwambia hujachelewa. Anauliza kwa nini Valeria haji kukaa nasi, si ni rafiki?

Valeria yuko dirishani, anatutazama.

Viti vinasogezwa ofisini. Mkuu anacheka kwa sauti kubwa, kicheko cha mtu anayemuaga mgeni. Niyitegeka ameinuka tayari, amepinda mgongo, anaandaa makofi yake kwa wakubwa wanaokuja. Nimemvuta koti akae. Hataki. Anasema, Mwalimu, mtu mkubwa husalimiwa kwa kusimama.

Basi nitawaambia namjua. Na mimi nimesim—